Landrova Nyekundu ya Likumbo

Kudra alipomwambia mumewe kwamba ana mimba tena, Nassibu alifurahi mpaka magharibi. Baada ya hapo akaanza kuiogopa masika, na hofu hiyo haikumtoka tena.

Alikuwa na sababu. Mimba ya kwanza waliipoteza njiani. Uchungu ulimshika Kudra katikati ya mvua kubwa, mtoto akakataa kushuka, na wanaume wa kijiji cha Likumbo wakamlaza kwenye machela, yaani kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili, wakaanza safari ya hospitali ya misheni kule Kipatimu. Vilima vya Umatumbi hata mtu mwenye afya yake hutweta akivipanda wakati wa mvua, sembuse waliobeba mgonjwa. Walipanda wakiteleza, wakashuka wakiteleza, wakangoja kijito kipungue, na walipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Watu walisema Kudra alirudi nyumbani mzima. Nassibu, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, alijua kwamba hakurudi mzima. Daktari alikuwa amewaonya: mimba nyingine ikija, wasingoje. Uchungu ukianza tu wamlete siku hiyo hiyo, la sivyo safari hii watampoteza na mama mwenyewe.

Wamlete! Kwa mabawa ya nani?

Ndipo ilipokuja Landrova. Wazungu waliokuwa wakitafuta mafuta ya ardhini upande wa Somanga walifunga kambi wakaenda zao, wakaacha gari kuukuu ufukoni. Wilaya ikaipa Likumbo gari hilo, kwa kuwa shamba la ujamaa la Likumbo lilikuwa limetoa korosho nzuri mwaka ule, na kwa kuwa, tuseme ukweli, hakuna kijiji kingine kilichoitaka. Chumvi ilikuwa imeitafuna. Sakafu ilikuwa na matundu, mlango wa nyuma ulifungwa kwa waya, na ubavuni palibaki nembo ya wale wazungu iliyobanduka nusu. Lakini Nassibu alikuwa fundi na dereva wa shamba la mkonge kule Lindi kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, na injini akaijua kwa mlio. Akaifungua, akaisafisha, akaifunga, ikawaka. Kudra, tumbo limekwisha kujitokeza, alisimama mlangoni akapiga kigelegele peke yake.

Kikabaki kikwazo kimoja. Askari wa barabarani alisema gari halitatembea hivyo: kutu izuiwe, nembo ifutwe, lipakwe rangi moja kama gari la watu. Kijiji hakikuwa na fedha ya rangi. Ila ndani ya gari wazungu walikuwa wameacha sanduku la makopo ya rangi ya kupuliza, waliyokuwa wakitilia alama mawe na miti. Unatikisa kopo, unabonyeza kichwa chake kwa kidole, rangi inatoka kama ukungu. Watu wa Likumbo hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu, makopo yote.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdurahmani, alilishika kopo moja kana kwamba linaweza kumng'ata.

"Hakuna rangi nyingine, Nassibu?"

"Ipo, mwenyekiti. Dukani, Dar es Salaam."

"Usinifanyie mzaha. Unawajua watu wetu. Gari jekundu..."

Hakumaliza, wala hakuhitaji kumaliza. Tangu enzi za Mwingereza, pwani yote ilijua habari za mumiani: kwamba wapo watu wanaowanyonya wenzao damu wakaitengeneza dawa, na kwamba watu hao hutembea kwa gari jekundu. Ukiingia ndani, hurudi. Kila ukoo una mtu wake aliyepotea, na kila aliyepotea ana shahidi aliyeliona gari.

"Mwenyekiti," alisema Nassibu, "rangi haimli mtu. Masika inakuja, na mke wangu atajifungua ndani ya masika hiyo. Mnataka nimbebe kwa rangi ya kijani ambayo hatuna?"

Mzee Abdurahmani alikuna ndevu, akaruhusu. Ni mtu mwema, ila alikuwa na tabia ya kuruhusu jambo huku akitingisha kichwa, ili likiharibika ikumbukwe kwamba alitingisha kichwa.

Aliyekataa waziwazi alikuwa mama mkwe, Bi Samia. Na hapa nieleze, kwa sababu desturi hii ndiyo iliyobeba kila kitu. Nassibu na Bi Samia hawakuwahi kusemezana ana kwa ana. Si kwa ugomvi, bali kwa heshima. Mkwe humkwepa mkwe. Wakikutana njiani, mmoja hujitenga pembeni, macho chini. Shikamoo hutolewa kwa mbali na marahaba hurudi kwa mbali. Kukaa kiti kimoja ni aibu isiyosemeka. Ukiwapo ujumbe, hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wapo hapo hapo wanausikia.

Basi mtu wa tatu akawa Leonadi, seremala Mmakonde aliyekuwa rafiki na jirani. Alikuja akiwa na randa yake begani.

"Mama mkwe wako anasema hivi: kaka yake alikwenda Lindi kutafuta kazi bandarini, akaonekana akipanda gari jekundu, basi. Mpaka leo. Anasema binti yake hatapanda kitu chenye rangi hiyo."

"Mwambie mama, nimesikia, na ninamheshimu. Lakini Landrova hii ni ya kijiji, na dereva ni baba wa mtoto."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Lainisha kidogo."

Usiku huo Kudra alimshika mkono. "Mimi ningepanda hata likiwa na rangi ya shetani," alisema. "Lakini siku ya uchungu, mume wangu, mimi sitakuwa na amri. Amri itakuwa ya wanawake."

Nassibu aliisikia kauli hiyo, akaiweka kando. Alidhani watu wakiliona gari limependeza, woga utaondoka wenyewe.

Akaanza kazi. Msasa wa dukani haukuwepo, lakini mti wa msasa upo kila bonde, na majani yake yanakwaruza vizuri ukiwa na subira. Yeye na Leonadi wakasugua kutu mpaka vidole vikachubuka. Vioo wakavifunika kwa magazeti ya zamani yaliyogandishwa kwa uji wa muhogo. Makopo mengine yalikuwa yameziba mdomo, akayazibua kwa mwiba. Yote aliyafanya sawasawa, isipokuwa jambo moja, na jambo hilo lilitokana na kuzaliwa kwake Somanga.

Somanga, kama pwani yote, chombo hakiingii majini bila kupakwa sifa. Sifa ni mafuta ya ini la papa, mazito, meusi, yenye harufu ya kumfanya mgeni ashike pua. Mbao hupakwa sifa maji yasiingie. Nassibu aliitazama Landrova yake iliyokwisha kuliwa na chumvi, akajiuliza nini kitaizuia kutu isirudi, na jibu likaja lenyewe, lile alilokulia nalo. Mjomba wake mvuvi akampa debe. Akaipaka Landrova sifa kuanzia boneti hadi nyuma, kama mtumbwi, akaiacha ikauke.

Mbao hunywa mafuta. Chuma hakinywi. Fundi mzima hakulikumbuka hilo.

Asubuhi moja ya ubaridi alitikisa kopo la kwanza, akapuliza. Mkono haukusimama hata kidogo, kwenda na kurudi, tabaka jembamba. Rangi ikalala ikang'aa. Watu waliokuja kutazama kwa mbali walisogea karibu, maana ilikuwa nzuri. Leonadi akasema, "Bwana, hii siyo Landrova tena, hii ni bibi harusi."

Jua lilipopanda, sifa ikaanza kutoa jasho. Rangi ikavimba, ikafanya malengelenge, kisha ikapasuka na kuanza kuteremka. Michirizi mizito myekundu ilishuka kwenye milango, ikadondoka kwenye magurudumu, ikatuama mchangani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani aliitua ndoo, akatazama, akaondoka bila ndoo.

Nassibu alifuta kwa matambara huku akilaani, akamalizia makopo yote yaliyobaki juu ya ile iliyofutwa. Safari hii ilishika. Ilishika juu tu, kama ngozi ya maziwa. Ukibonyeza kwa kidole, chini palikuwa pabichi. Na harufu ilibaki palepale.

Hapo angesema tu, jamani nimekosea, nimepaka sifa chini ya rangi. Lakini nani anapenda kukiri upumbavu mbele ya kijiji kilichomsifu asubuhi? Ijumaa, baada ya swala, Hasani, kijana mwenye nguvu aliyekuwa kila mara mbele ya machela, alimuuliza nje ya msikiti, "Fundi, mbona gari lako linanuka mizoga?"

"Ni wale wa Lindi," Nassibu akajibu akicheka. "Sijamaliza kuwanyonya."

Wote walicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, na Nassibu akaenda nyumbani akiwa amejiridhisha kwamba ameimaliza habari ile kwa mzaha. Kufikia jioni neno lile lilikuwa limezunguka kijiji kizima, na huko lilikopita mzaha ulikuwa umedondoka. Kilichobaki ni kwamba Nassibu mwenyewe amesema.

Askari alilipitisha gari. Siku za kwanza za masika, Nassibu alijitolea kumpeleka mzee mmoja mwenye pumu. Mzee akasema pumu imepona. Mama mwenye mtoto wa surua alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwa miguu. Landrova ikabaki imeegeshwa chini ya paa la makuti, nyekundu, inanuka, na usiku mtu akipita karibu nayo aliongeza mwendo. Kila siku tumbo la Kudra lilishuka kidogo, na kila siku Nassibu alijiambia kwamba mtu akiwa kwenye hali ya kufa na kupona hachagui rangi.

Uchungu ulimshika Kudra alfajiri, nyumbani kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Nassibu alisikia, akakimbia mpaka kwenye gari, akaliwasha, akalipeleka hadi uani kwa Bi Samia. Taa zake mbili zikamulika wanawake waliokaa mlangoni. Wote wakasimama. Hakuna aliyempisha.

"Leonadi!" aliita Nassibu. "Waambie wamtoe. Daktari alisema uchungu ukianza tu!"

Leonadi akaenda mlangoni, akazungumza, akarudi uso umemshuka.

"Anasema watambeba. Wabebaji wamekwisha kuitwa."

"Watambeba? Tena? Amesahau?"

"Hajasahau, ndugu yangu. Ameniambia: aliyekufa kwenye machela nilimzika mimi na kaburi lake ninalijua."

Nassibu akashuka, akasogea hadi mahali ambapo mkwe haruhusiwi kupita. Kutoka ndani akamsikia Kudra. "Nipandisheni gari la mume wangu," alikuwa akisema. Sauti ilikuwa ndogo. Halafu akaguna kwa maumivu, na sauti za wanawake zikamfunika. Nassibu alitaka kuvunja mlango. Lakini angeuvunja, wanaume waliokuwa wakija na machela wangemshika, na kungekucha bado wanagombana. Akarudi kwenye gari, amejaa hasira na hofu, hajui ipi kubwa.

Basi wakaondoka hivi, na ninayekuambia sijui kama kuna mume aliyewahi kusafiri safari ya namna hiyo. Mbele wabebaji, Hasani wa kwanza, machela mabegani, Kudra juu yake amefunikwa kanga. Ubavuni mkunga. Nyuma yao Bi Samia na wanawake wachache. Na nyuma ya wote, mwendo wa kobe, Landrova nyekundu, tupu, na Nassibu ndani yake akimfuata mkewe. Leonadi alitembea kando ya dirisha. Mara mbili wabebaji waligeuka wakamfanyia ishara abaki mbali zaidi. Akabaki mbali zaidi, lakini hakuzima injini.

Kila Kudra alipopiga kelele, Nassibu aliusikia mguu wake ukitaka kukanyaga mafuta.

Kulipopambazuka sawasawa walikuwa wamevuka kilima cha kwanza tu. Mvua ikaanza. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Udongo ukageuka utelezi, wabebaji wakaanza kutembea kwa ubavu, wakipumzika kila mteremko. Mkunga alifunua kanga, akatazama, akaifunika haraka. Nassibu aliliona lile la kufunika haraka.

Kwenye kijito, Hasani aliteleza. Mti wa machela ukavunjika kwa mlio mkali, kitanda kikainama, na Kudra akateremka kwenye tope la ukingoni. Hakuanguka kwa kishindo. Alivingirika taratibu na kulala ubavu, ameshika tumbo, wala hakulia. Kimya hicho ndicho kilichomtisha Nassibu kuliko kelele zote. Akaachia breki, Landrova ikashuka kuelekea kwa mkewe.

Mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Ile ngozi ya juu ya rangi ilikuwa imepasuka kila mahali, na iliyo mbichi chini ilikuwa ikimiminika. Landrova iliteremka kilima ikitoka wekundu kwenye boneti, milangoni, kwenye magurudumu, ikiacha mchirizi mwekundu njiani nyuma yake. Wabebaji walipoiona walirudi nyuma. Mmoja akapiga shahada. Wawili wakakimbilia vichakani, na Hasani, mwenye mabega kama mlango, akasimama nyuma ya mkunga.

Bi Samia hakukimbia. Alikuja moja kwa moja mbele ya gari, kanga imemshika mwilini kwa mvua, akasimama kati ya Landrova na binti yake. Akaweka mikono yote miwili juu ya boneti kulizuia. Nassibu akakanyaga breki kwa nguvu zote.

Wakatazamana kupitia kioo cha mbele. Katika miaka yote ya ndoa ile hawakuwahi kutazamana.

Bi Samia akainua mikono. Viganja vilikuwa vyekundu, na katikati ya wekundu palikuwa na kitu cheusi, kizito, kinachovutika. Akavitazama. Kisha, taratibu, akaleta kiganja kimoja puani.

Alinusa mara ya kwanza. Akanusa tena, kwa nguvu, macho amefumba.

Bi Samia hakuwa mtu wa vilima. Alizaliwa Kilwa Kisiwani, binti wa mtengeneza mitumbwi, akaletwa Umatumbi akiwa mwari. Harufu ile ilikuwa kwenye mikono ya baba yake, kwenye mkeka wake, kwenye shuka alilojifunika utotoni. Na kwa kuwa mama mkwe hasogelei kitu cha mkwe, hakuwahi kufika karibu na gari lile tangu lilipopakwa; hata alfajiri ile alikuwa ndani na binti yake. Harufu ya mizoga aliisikia kwa kusimuliwa tu.

Akazunguka boneti, akaja dirishani.

"Umepaka nini chini ya rangi?"

Nassibu aligeuka kumtafuta Leonadi. Kisha akaelewa kwamba anaulizwa yeye.

"Sifa, mama."

"Sifa ya papa?"

"Ya papa, mama. Ya Somanga."

"Juu ya chuma?"

"Nilitaka kuzuia kutu." "Nilikosea, mama. Niliona haya kusema."

"Mjinga wewe," alisema Bi Samia. "Mjinga mkubwa. Mumiani gani anayepaka gari lake sifa? Mwanangu amelala kwenye tope, na mimi ninaogopa mtumbwi!"

Akawageukia wabebaji. Sauti iliyotoka kwake haikuwa sauti ya mama mzee. "Hasani! Tokeni huko! Njooni mnyanyue mtu! Hii ni sifa, nyinyi watu wa milimani, ni mafuta ya samaki! Njoo unuse, nani anaogopa kunusa? Baba yangu alinuka hivi mpaka anaingia kaburini na hakumnyonya mtu!"

Walikuja. Walikuja kwa kujikokota, lakini walikuja. Wakamlaza Kudra nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkunga. Leonadi akaning'inia kwenye mlango wenye waya. Kikabaki kiti kimoja, cha mbele, kando ya dereva.

Wanawake walitazamana. Hasani alitazama pembeni. Bi Samia akafungua mlango, akapanda, akakaa bega kwa bega na mkwe wake.

"Endesha," alisema.

Kijito kilikuwa kimefika nusu ya magurudumu. Nassibu aliingiza gia ya nguvu, akaingia majini. Maji yakapanda kwenye matundu ya sakafu, yakawalowesha miguu, injini ikakohoa. "Ya Rabbi," akasema Bi Samia. Ikakohoa tena, ikashika, wakatoka ng'ambo. Mlimani rangi ya paa ilianza kuteremka kwenye kioo cha mbele. Kifuta maji hakikuwa kinafanya kazi tangu enzi za wazungu. Nassibu hakuona kitu ila wekundu.

"Mama, sioni!"

Bi Samia alitoa kichwa na nusu ya kiwiliwili nje ya dirisha, akaivua kanga ya kichwani, akaanza kukifuta kioo kwa mkono mmoja, mwingine ameshikilia mlango. Mvua ilimpiga usoni. Alifuta, kikachafuka, akafuta tena, kilima baada ya kilima, nywele zake nyeupe ziko wazi mbele ya mwanamume asiyepaswa kuziona. Na kila alipoweza alipiga kelele, "Kulia! Shimo! Kushoto!" naye Nassibu akitii. Nyuma, mkunga alikuwa akimwambia Kudra asilale, asilale, amtazame. Halafu mkunga akaacha kusema. Nassibu hakuthubutu kugeuka.

Waliingia misheni wakipiga honi. Sista aliyetoka mbio aliona gari linalochuruzika wekundu, akina mama wenye mikono myekundu, akadhani wote wameumia. "Mmoja tu!" alipaza sauti Leonadi. "Mmoja tu, Sista, ni mama mjamzito!" Wakambeba Kudra ndani. Mkono wake ulikuwa ukining'inia. Bi Samia na mkunga wakaingia naye, mlango ukafungwa, na kupitia mlango Nassibu akasikia neno la kupasua.

Akarudi kwenye gari akakaa, kwa kuwa hakujua pengine pa kukaa. Leonadi alisimama kando, akapiga ishara ya msalaba, akatafuta mahali pa kujisitiri mvua. Nassibu aliweka kichwa kwenye usukani. Aliukumbuka mzaha wa nje ya msikiti, na kila neno lake likamchoma. Kama angesema sifa. Neno moja tu, siku ile, mbele ya watu wale wale, na Kudra angekuwa hapa tangu alfajiri. Akalia kwa sauti, mtu mzima, na mvua juu ya bati ikamsitiri.

Mvua ilipungua, kisha ikaacha. Landrova ilikuwa imebaki na vipande vya wekundu hapa na pale, na chuma kitupu kwingine, na harufu yote kama ilivyokuwa. Wagonjwa waliokuwa barazani walishika pua.

Mlango wa hospitali ukafunguliwa. Akatoka Bi Samia. Alikuwa amejifunga kanga ya kuazima kichwani, barabara, hata unywele mmoja hauonekani. Alikuwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye shuka nyeupe ya misheni. Nassibu akatoka garini. Akataka kumkimbilia, akajizuia.

Bi Samia alisimama kwa mbali, mahali panapostahili. Akageuza uso pembeni, macho chini, kama ilivyo heshima. Alimtazama aliyekuwa mikononi mwake, ambaye wakati huo huo alifungua mdomo akalia kwa hasira.

"Mjukuu wangu," alimwambia mtoto, polepole, kila neno lisikike, "mwambie baba yako kwamba mama yako amezinduka na anamwulizia. Lakini mwambie akaoge kwanza. Ananuka papa."